Pikapu inalala nyuma nikifunga tela la kulala: mifuko ya hewa, jani la springi au kiungio?

MsafiriTX

Habari za jamvini, wakuu. Ninaishi karibu na Fort Worth, jimbo la Texas, na familia yangu ni ya watu wanne. Tumenunua tela la kulala lenye ekseli mbili, na wakati wa likizo ya shule tunakusudia kulivuta hadi Colorado kwa njia ya Amarillo, Dalhart na Clayton, kisha tuvuke mlima wa Raton, ambako barabara inapanda hadi karibu mita 2,390 juu ya usawa wa bahari. Gari letu ni pikapu ya milango minne, ya lile daraja ambalo Wamarekani huliita nusu tani, yenye koili mbele na springi za majani nyuma. Kitabu cha gari kinaruhusu kuvuta zaidi ya tani 4. Tela likiwa tupu lina kilo 2,450, na tukishapakia vyombo, nguo, chakula na maji nakadiria litafika kilo 3,000.

Tatizo ni kwamba tukishalifunga, gari linalala nyuma. Nimepima kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya kila tairi: nyuma inashuka sentimita 9 na mbele inapanda sentimita 3. Barabarani usukani unakuwa mwepesi kupita kawaida, hasa lori kubwa linapotupita, na usiku madereva wanaokuja mbele yetu wanatumulika kwa hasira ingawa taa zetu tumezishusha.

Aliyetuuzia tela anashauri tuweke mifuko ya hewa kwenye springi za nyuma. Jirani yangu anasema niongeze jani moja la springi kila upande. Shemeji yangu, ambaye ni dereva wa lori, anasema nihamishie mizigo mizito nyuma ya tela ili mkono wa tela, ile fremu ya mbele inayofungwa kwenye gari, usilikandamize gari. Yote matatu yatainua nyuma ya gari, sina shaka. Ninachotaka kujua ni lipi linaondoa tatizo na lipi linalificha.

EkseliYaMbele

Ndugu, nianze na ushauri wa shemeji yako kwa sababu ndio wenye hatari kuliko yote: usiufuate. Tela la kulala linalofungwa nyuma ya gari linatakiwa kukikalia kiungio, yaani kile chuma cha nyuma ya gari linapofungwa tela, kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote likiwa limepakiwa. Kwa tela lako la kilo 3,000, hizo ni kilo 300 hadi 450. Mtu yeyote aliyewahi kumwona msukuma mkokoteni uliopakiwa magunia nyuma ya magurudumu anajua kinachofuata, mikono inamwinua yeye. Tela nalo halina mtu wa kulishika. Mkono ukiwa mwepesi, mkia wake huanza kuyumba kwa upepo au kwa msukumo wa lori linalopita, na kila yumbo linaweza kuwa kubwa kuliko lililotangulia hadi gari lenyewe linageuzwa barabarani. Kipande chako cha Dalhart na Clayton ni tambarare kisicho na kizuizi cha upepo, kwa hiyo hapo ndipo kosa hilo lingejionyesha kwanza.

Sasa tuje kwenye gari. Watu wengi hutazama nyuma iliyoshuka, lakini sentimita zilizopaswa kukutia wasiwasi zaidi ni zile 3 za mbele. Kiungio hakipo juu ya ekseli ya nyuma. Kipo mbali nayo, kwa pikapu kama yako labda mita 1.5. Ukichukulia kwamba tela linakandamiza kwa kilo 390 na kwamba kati ya ekseli zako mbili kuna mita 3.7, hesabu ya wenzo ni hii: 390 mara 1.5, gawanya kwa 3.7, unapata kilo 158. Huo ni uzito ulioondolewa kwenye magurudumu ya mbele. Ekseli ya nyuma haikuongezewa kilo 390 bali 548, yaani uzito wa mkono wa tela pamoja na ule ulionyang'anywa mbele. Ndiyo maana usukani ni mwepesi, na ndiyo maana taa zinawamulika watu machoni. Breki nazo zimeathirika hata kama bado hujaligundua hilo, kwa kuwa gari likifunga breki hutegemea sana matairi ya mbele, na hayo yako sasa hayakandamizwi inavyotakiwa.

Ukiweka mifuko ya hewa au jani la springi, nyuma itapanda na taa zitarudi mahali pake, lakini zile kilo 158 zitabaki zilikohamia. Springi inaamua gari lisimame kwa kimo gani chini ya mzigo. Haiamui mzigo ukalie ekseli ipi. Kinachorudisha uzito mbele ni kiungio cha kugawanya uzito, kile chenye vyuma viwili virefu vya springi vinavyotoka kwenye kichwa cha kiungio na kukaza chini ya mkono wa tela. Vikishakazwa, vinajaribu kupindua kichwa cha kiungio kuelekea juu, na kwa sababu kichwa hicho kimeshikamana na fremu ya gari, fremu nzima inasukumwa kurudi chini upande wa mbele. Sehemu ya uzito hurudi kwenye ekseli ya mbele na sehemu nyingine huenda kwenye ekseli za tela lenyewe.

Kabla hujanunua chochote, fungua mlango wa dereva usome kile kibandiko cha rangi ya njano na nyeupe kinachoeleza jumla ya uzito wa abiria na mizigo ambao gari halipaswi kuuzidi. Ile tani 4 ya kitabu ni uwezo wa kuvuta, na familia kama yako mara nyingi hufika kwenye kikomo cha kubeba kabla haijakaribia kikomo cha kuvuta, kwa sababu uzito wote wa mkono wa tela unahesabiwa kama mzigo uliomo ndani ya gari. Tuletee namba hiyo.

FundiNjiro

Salamu kutoka Arusha. Nakubaliana na mkuu EkseliYaMbele kwa hali ya barabara za lami, ila nisingependa wasomaji wetu wa huku waondoke wakiamini kwamba jani la springi ni ujinga. Magari tunayoyahudumia huvuta matela ya kambi ya ekseli moja, mafupi na mepesi, na hushinda kwenye barabara za vumbi zenye makorongo na matuta ya mawimbi. Kiungio cha kugawanya uzito hakipendi mazingira hayo. Gari linapoanza kupanda kutoka korongoni huku tela likiwa bado linateremka, vile vyuma vya springi hukazwa kupita kiasi na nguvu hiyo huishia kwenye fremu. Huku tunachagua springi zinazolingana na mzigo ambao gari hubeba kila siku, tunapunguza mzigo wa nyuma, na mwendo wenyewe si wa kilomita 110 kwa saa.

Kwa pikapu ya familia ambayo siku nyingi za mwaka inakwenda kazini na shuleni ikiwa tupu, jani la ziada lina gharama yake. Likiwa halina mzigo gari litakuwa gumu na mkia utarukaruka kwenye matuta, na tairi inayoruka haishiki barabara. Ukiamua kuliongeza hata hivyo, hakikisha linalingana kwa upana na mkunjo na yale yaliyopo, bolti ya katikati ibadilishwe, na zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli zikazwe upya baada ya kilomita mia chache, maana majani mapya hukaa na bolti hulegea. Bolti ya katikati ikikatika, ekseli inasogea nyuma upande mmoja na gari linatembea kama kaa.

Kagua pia kama springi zako bado ni nzima, kwa kuwa gari lililolala nyuma likiwa tupu lina ugonjwa mwingine ambao tela limeuonyesha tu. Simamisha gari tupu mahali tambarare, upime kulia na kushoto. Jani lililopasuka huonekana kwa mstari mwembamba wa kutu au kwa ncha iliyohama. Na usikubali mtu akuuzie shokapu mpya kwa ajili ya kuinua gari. Shokapu ya kawaida inatuliza mdundo, haibebi uzito.

MsafiriTX

Nawashukuru sana, wakuu. Kibandiko kinasema kilo 703. Nimejumlisha hivi: sisi wanne tukiwa na nguo tulizovaa ni kilo 260, nyuma ya pikapu tunaweka jenereta, sanduku la barafu, baiskeli za watoto na zana, jumla kilo 110, mkono wa tela, kwa mujibu wa kipeperushi cha kiwanda, ni kilo 270. Hiyo inanipa kilo 640, kwa hiyo naona bado tumo ndani ya kikomo. Je, kipeperushi kinaaminika? Na je, kiungio cha kugawanya uzito kinaongeza uwezo wa gari kubeba?

MamaKaravani

Kaka MsafiriTX, namba ya kipeperushi ni ya tela tupu kama lilivyotoka kiwandani, mara nyingi huko Elkhart, Indiana, ambako sehemu kubwa ya matela haya hutengenezwa. Betri kwa kawaida haimo katika hesabu hiyo, na mitungi ya gesi mara nyingi haimo au imehesabiwa ikiwa mitupu. Vyote viwili vinakaa juu ya mkono wenyewe, mbele kabisa. Mitungi miwili ya kawaida ikijazwa inakaribia kilo 50, na kila betri ya asidi inaongeza kama kilo 25. Kisha kuna sanduku la mbele ambalo kila mwenye tela hulijaza mabomba, magogo ya kusawazishia na viti vya kukunja, kwa sababu ndilo lililo karibu na mlango wa gari.

Usikadirie, pima. Mizani ya bafuni inatosha ukitumia ubao imara. Weka tofali upande mmoja na mizani upande wa pili, vyote kwa kimo kimoja, ulaze ubao juu yake, kisha ushushe jeki ya mkono wa tela ikalie ubao sentimita 30 kutoka mahali ubao unapokalia tofali na sentimita 60 kutoka unapokalia mizani. Utakachosoma, zidisha kwa 3. Magurudumu ya tela yawekewe vizuizi pande zote mbili, tela liwe limepakiwa kama siku ya safari, na liwe limenyooka, maana likiinamisha au kuinua pua namba inabadilika.

Fikiria na tanki la maji safi. Lita moja ni kilo moja, na tanki la lita 150 lililoko mbele ya ekseli za tela linaukandamiza mkono, wakati lililoko nyuma ya ekseli linaupunguzia. Angalia lako liko wapi kabla hujaamua kusafiri na maji au bila maji. Mimi hubeba maji kidogo tu ya choo na ya kunawa njiani na kujaza nikifika, kwa kuwa kambi nyingi za Marekani na Kanada zina bomba.

Kuhusu swali lako la pili, hapana. Kiungio hakiongezi namba ya kibandiko, na mifuko ya hewa haiongezi, na majani ya springi hayaongezi. Kikomo hicho kimewekwa kwa kuzingatia ekseli, matairi, breki, fremu na vinginevyo, na kubadilisha kitu kimoja kati ya hivyo hakuvigusi vingine. Kiungio chenyewe pia kina uzito, kama kilo 40, nao unahesabiwa.

MsafiriTX

Nimepima kwa ubao na tofali kama dada MamaKaravani alivyoelekeza. Mizani ilisoma 131, kwa hiyo mkono una kilo 393. Nikijumlisha na abiria, mizigo na kiungio, napata kilo 803, yaani tumezidi kwa kilo 100. Sitaki kubadilisha gari mwaka huu. Naweza kuzipunguza vipi bila kuuvuruga mkono wa tela?

EkseliYaMbele

Kilo 393 ni asilimia 13 ya kilo 3,000, kwa hiyo tela lenyewe limepakiwa vizuri, usiliguse sana. Punguza kwenye pikapu. Jenereta, baiskeli na zana zikihamia ndani ya tela, zipangwe juu ya ekseli zake au mbele yake kidogo tu, na hapo kilo 110 zilizokuwa mzigo wa gari zinaacha nyuma yao labda kilo 10 au 20 kwenye mkono. Bado utakuwa umegusa kikomo au umekizidi kidogo, basi pitia sanduku la mbele la tela na utoe kila kitu ambacho hukukitumia safari iliyopita. Usifunge baiskeli kwenye bampa ya nyuma ya tela. Uzito mdogo mbali hivyo na ekseli unapunguza mkono kuliko unavyotarajia, na unaupa mkia sababu ya kuyumba.

Baada ya hapo nenda kwenye mizani ya malori. Texas ina vituo vingi vya mafuta vyenye mizani za CAT Scale, ambazo husoma kila kundi la ekseli peke yake: mbele ya gari, nyuma ya gari, na tela. Pita mara tatu: gari bila tela lakini na abiria na mizigo yote, gari na tela huku vyuma vya springi havijakazwa, ukiendesha polepole, kisha vikiwa vimekazwa. Karatasi tatu zitakuonyesha uzito uliotoka mbele ni kiasi gani na uliorudi ni kiasi gani, na zitakuonyesha pia kama ekseli ya nyuma imezidi kikomo chake, ambacho kimeandikwa kwenye kibandiko kingine hapo hapo mlangoni.

Usijaribu kurudisha mbele uzito wote au kupita hapo. Kila mtengenezaji wa gari ana agizo lake kitabuni, na wapo wanaoagiza kurudisha karibu nusu tu ya kimo kilichopandishwa. Ukikaza mno, ekseli ya nyuma inakosa uzito wa kuituliza, na kwenye barabara yenye maji nyuma ya gari inaweza kuteleza pembeni. Kwako nusu ni sentimita 1.5 mbele. Kwa vipimo vya gari lako, hapo ekseli ya mbele itakuwa imepata karibu kilo 80, za tela zimepokea kilo 40 na ushei, na ya nyuma imepunguziwa kama kilo 120. Nyuma bado itakuwa imeshuka kidogo kuliko ikiwa tupu, na hilo ni sawa kabisa. Pikapu tupu husimama ikiwa imeinua mkia kwa makusudi, ili ikipakiwa inyooke.

MamaKaravani

Niongeze jinsi ya kukirekebisha, kwa kuwa maduka mengi hukifunga harakaharaka na mteja huondoka nacho hivyo hivyo. Kimo cha kiungio ndicho cha kwanza: tela likiwa limefungwa liwe limenyooka au limeinamisha pua kidogo sana, kamwe lisiwe limeinua pua. Kisha tazama pembe ya kichwa. Katika aina nyingi kuna washa, yaani vipete vya chuma, ndani ya kichwa. Ukiziongeza, kichwa kinainama zaidi kuelekea tela na vyuma vinakaza zaidi kwa pingili zile zile za mnyororo unaovifunga kwenye mkono wa tela. Kama unalazimika kutumia pingili ya mwisho na mbele bado iko juu, rudi kwenye washa, usiendelee kuhangaika na mnyororo.

Vyuma vyenyewe vichaguliwe kwa uzito wako halisi wa mkono. Vya kilo 360 ni vidogo kwako; vya kilo 450 vinakufaa, na vya kilo 600 vitakuwa vigumu mno, havitapinda vya kutosha gari likipita kwenye bonde dogo la barabara. Unapovikaza, tumia jeki ya tela kuinua mkono na mkia wa gari kwa pamoja ili vyuma vipande bila nguvu nyingi, na usisimame mbele ya wenzo wake. Chuma cha springi kikichomoka kinavunja mkono wa mtu.

Matairi nayo yana sehemu yake katika huo mwinamo na wepesi wa usukani. Ukiwa na matairi ya kawaida ya abiria, kuta zake ni laini na hutikisika chini ya mzigo. Yajaze yakiwa ya baridi, kwa kiwango ambacho kitabu kinaagiza wakati wa kuvuta, bila kuzidi kile kilichoandikwa ubavuni mwa tairi.

MsafiriTX

Swali la mwisho, wakuu. Tukishafunga kiungio na kukirekebisha, ikiwa nyuma bado itakuwa chini kwa sentimita 4 au 5, je, mifuko ya hewa itakuwa na kazi? Na ninapoingia kambini, nivitoe vile vyuma au niviache?

FundiNjiro

Ina kazi, kwa kiasi. Wakati wa kurekebisha kiungio iache na hewa ile ndogo kabisa ambayo mtengenezaji anaruhusu, umalize vipimo vyote vya mbele, halafu ndipo uongeze hewa kidogo kuondoa mwinamo uliobaki na kusawazisha kulia na kushoto, kisha upime mbele tena. Ukianza na mifuko iliyojaa, nyuma itakuwa imeshanyooka na jicho litakudanganya kwamba hakuna la kurekebisha. Kuna jambo jingine: springi ya majani hupeleka mzigo kwenye fremu kwenye ncha zake mbili, ilhali mfuko uliowekwa juu ya ekseli unausukuma mahali pamoja, katikati. Australia, ambako pikapu za milango minne huvuta makaravani mazito kwenye njia mbovu, fremu zilizopinda nyuma ya chumba cha abiria ni habari ya kawaida, na mifuko iliyojazwa mno pamoja na mzigo mkubwa nyuma ya ekseli hutajwa mara nyingi miongoni mwa sababu.

EkseliYaMbele

Kambini, vitoe kama njia ya kuingilia ina mteremko mkali au mtaro, kabla hujaufikia, si ukiwa katikati yake. Kama kiungio chako kina kile chuma cha msuguano cha kuzuia kuyumba kinachofungwa pembeni, hicho kitoe kila mara kabla ya kurudi nyuma au kukata kona kali, maana hupinda. Kwenye sehemu tambarare vyuma vya springi vinaweza kubaki unaporudi nyuma taratibu, isipokuwa mtengenezaji wake amesema vinginevyo.

Na kabla ya kupanda Raton hakikisha breki za umeme za tela zinajibu. Kwa mwendo wa polepole kwenye uwanja mtupu, sukuma kwa mkono kitufe cha kidhibiti cha breki kilichopo kwenye dashibodi bila kukanyaga breki ya gari. Unapaswa kuhisi tela likilivuta gari nyuma bila magurudumu yake kukwama. Likiwa halivuti, usiondoke Fort Worth.